Ilimba na kompyuta: sauti kubwa peke yake haitoshi

Kuunganisha ilimba, ala ya vyuma ya Wagogo, na mitambo ya kidijitali huonekana kazi ya mchana mmoja. Unaingia duka la vipuri vya elektroniki Kariakoo, mitaa ya Msimbazi, unanunua kisahani cha piezo, kile chembamba cha shaba kinacholiza ving'ora vidogo, unakibandika kwenye ubao na kuchomeka waya. Sauti inatoka, tena kubwa. Lakini piezo husikia mtikisiko wa mbao, haisikii hewa, na utamu mwingi wa ilimba uko hewani: tundu la kisanduku chake huzibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaokipa kila chuma mvumo wake wa kukwaruza. Ukichukua piezo peke yake unabaki na noti kavu. Kwa hiyo maikrofoni ndogo iwekwe karibu na tundu, besi yake ikatwe ili isipige yowe jukwaani, na besi yenyewe iachiwe piezo. Konono N°1 wa Kinshasa, waliosikika duniani kwa albamu ya Congotronics ya 2004, walipita njia nyingine: walikuza likembe, ala ya jamii moja na ilimba, kwa vifaa vya kuokoteza, na mkwaruzo wa vifaa hivyo ukawa sehemu ya muziki wao. Nao hawakukubali mlio mtupu.

Mtihani mkubwa zaidi ni mpangilio wa toni. Mtafiti Gerhard Kubik ameeleza kuwa muziki wa Wagogo umejengwa juu ya toni asilia zinazozaliwa na msingi mmoja, na ya saba kati ya hizo iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi ya nusutoni. MIDI, lugha ya mawasiliano ya ala za kidijitali, hugawa oktavu vipande 12 vilivyo sawa. Inaruhusu noti kukunjwa, ila mkunjo hugusa chaneli nzima, na ilimba hupigwa kwa vidole gumba viwili, vyuma kadhaa vikilia pamoja. Kila noti inayolia ipewe chaneli yake. Zipo 16, zinatosha. Tena kuna vyuma visivyoguswa kabisa, vinavyoitikia vyenzake tu. Programu inayogeuza mlio kuwa MIDI, isipofundishwa hilo, itavihesabu kuwa vimepigwa.

Atakuja mtu aseme sikio la Dar limeshazoea gitaa na kinanda, basi nani atasikia tofauti hiyo? Waimbaji watasikia, kwa sababu sauti za Wagogo hupangana kwa toni zilezile. Ukiisogeza ilimba ifuate kinanda, kwaya inabaki pembeni. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose na mtayarishaji Michael Brook katika albamu ya Assembly, kisha Msafiri Zawose katika Uhamiaji ya 2017, wameshaonyesha kuwa ilimba na mitambo vinaweza kukaa rekodi moja. Jukwaani, kilicho rahisi kusogezwa ni sintesaiza: jedwali la toni hubadilishwa kwa dakika chache, wakati vyuma vya ilimba husukumwa kimoja kimoja.