Mvivu wa Pwani na Tangazo la Kazi

Usiku wa pili wa hanga la bibi yangu, Tezo, nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba chini ya mkorosho, pale tu simu inaposhika mtandao, nikirekebisha jedwali la mauzo. Saa nane usiku. Mbele ya nyumba watu walikuwa wamelala mikekani, wachache bado wanapiga gumzo kando ya moto. Ujumbe kutoka ofisini Nairobi ulianza vizuri: pole sana kwa msiba, Mungu awape nguvu. Kisha, bila hata nafasi ya kupumua: ile ripoti imefika wapi?

Shangazi alipita akienda kuchukua kuni, akaona mwanga wa laptopu usoni mwangu. "Baba," akaniuliza, "kwani huko kwenu watu hawafi?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi Nairobi nikaenda kulitafuta lile andiko lililonileta kule chini ya mkorosho, yaani tangazo la kazi nililoliomba miaka minne iliyopita. Bado ninalo kwenye baruapepe. Wenzangu katika kurasa hizi huchambua riwaya na mashairi. Mimi naomba nichambue tangazo la kazi, maana vijana wa rika langu hatusomi fasihi nyingine yoyote kwa makini hivyo, tena kwa kurudia, tena kwa dua.

Liliandikwa kwa Kiingereza, bila shaka. Ukiligeuza kwa Kiswahili linaanza kuvua nguo. "Awe na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo." Shinikizo la nani? Sentensi haisemi. Shinikizo limekaa hapo kama mvua ya masika, linashuka tu, na wewe kazi yako ni kuwa na mwavuli. Twende mbele: "Awe tayari kufanya kazi nje ya saa za kawaida inapohitajika." Angalia hilo neno inapohitajika. Hiyo -ik- iliyojificha katikati ni fundi mkubwa kuliko mwandishi yeyote ninayemjua, maana imemwondoa mtu kabisa. Hakuna anayehitaji, inahitajika tu. Usiku ule wa hanga hakuna aliyeniamuru, bana. Ilihitajika.

Halafu kuna "awe na njaa ya mafanikio". Aliyeandika hayo hajatoka kaunti ya Kilifi. Kwetu njaa hatuipambi. Ukiwa na jamaa upande wa Ganze, mvua zikikosa, njaa unaijua kwa sura na jina, na huwezi kuiandika kwenye tangazo kama sifa ya mtu.

Na mwishoni, kwa herufi nzito: "Sisi ni familia." Haya. Familia niliiona Tezo. Ilipika sufuria za wali ambazo hakuna aliyehesabu nani amekula mara mbili. Binamu yangu mmoja alikuja siku ya tatu, mikono mitupu, amechelewa, akapewa sahani. Hakuna aliyemwita pembeni kumwonyesha tathmini ya robo mwaka.

Lakini nisidanganye. Tangazo peke yake lisingenifunga. Sheria ya Ajira ya 2007 inanipa siku 21 za likizo kwa mwaka na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na nilizijua namba hizo vizuri sana. Kilichonifunga ni utani. Wiki yangu ya kwanza kazini, mwenzangu mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kilifi. Akacheka, "Ah, mtu wa Pwani! Hapa hatulali mchana, sawa?" Wote wakacheka. Mimi pia nikacheka, tena kwa sauti. Miaka minne nimekuwa nikiujibu utani huo. Wa kwanza kufika, wa mwisho kutoka, baruapepe saa nane usiku, na kila ninapoituma huwa natumaini, kwa aibu ndogo, kwamba mtu ataiona hiyo saa.

Sasa tumuangalie huyu mvivu wa Pwani, maana hata yeye ameandikwa na mtu. Kuna kitabu cha Cynthia Brantley cha 1981 kuhusu Wagiriama na ukoloni. Ukikisoma huku umebeba utani huo begani, unasimama katikati ya ukurasa. Mwaka 1913 serikali ya Waingereza iliwataka vijana wa Kigiriama wakafanye kibarua mashambani pwani. Wao walikuwa wakulima. Nafaka yao ilikuwa ikiuzwa mpaka kwenye miji ya pwani. Mtu ana ghala lake, akalime kwa mwingine kwa nini? Mekatilili wa Menza aliwasimamisha watu wakala kiapo Kaya Fungo. Akakamatwa, akahamishwa hadi Kisii, akatoroka. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Yote hayo kwa sababu watu walikataa kibarua. Hawakukataa jembe, jembe walikuwa nalo tayari.

Kwa macho ya anayetaka vibarua, mtu asiyeuza nguvu zake ni mvivu, hata kama ana ghala limejaa. Hapo ndipo neno hili linapata maana yake halisi, na sioni kama limeibadilisha mpaka leo. Halipimi kazi uliyofanya. Linapima kama umepatikana.

Ndiyo maana sipendi hata ile sifa tunayopewa kwa upande wa pili, ya Pwani polepole, Pwani raha, iliyochapishwa kwenye fulana pale Malindi na Watamu. Mhudumu anayemwambia mtalii "polepole" amesimama tangu alfajiri, na atakaposhuka matatu hapo Tezo usiku, atakuta shamba linamngoja kesho. Upole wake ni sehemu ya kazi. Analipwa kuonekana hana haraka.

Serikali nayo? Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, aliwahi kupeleka mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu za bosi baada ya saa za kazi. Ufaransa wana sheria ya namna hiyo tangu Januari 2017. Shirikisho la waajiri likaupinga. Ningefurahi upite. Ila najijua: hata ungepita, mimi ningejibu simu ile chini ya mkorosho, kwa sababu sikuwa namwogopa bosi. Nilikuwa naogopa kicheko cha wiki ya kwanza.

Na kuna dada mmoja chini yangu kazini, katoka Kwale, amejiunga mwaka huu. Mwezi uliopita nilimwandikia Jumapili jioni kuhusu jambo ambalo lingengoja Jumatatu. Alijibu baada ya dakika mbili. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu si kama wale wengine.

Juzi tulikuwa tunaajiri, nikapewa tangazo nilipitie kabla ya kutoka. Ni lilelile, wamebadilisha tarehe. Nikafuta shinikizo, nikafuta njaa, nikafuta familia, na penye inapohitajika nikaandika "meneja akimwomba, kwa malipo ya ziada". Likarudi kesho yake likiwa kama lilivyokuwa mwanzo, na maelezo mafupi: asante, ila tafadhali tusibadilishe mtindo wa kampuni. Nilikuwa na hadi saa kumi na moja jioni kuliidhinisha. Nikampigia shangazi kwanza, tukaongea habari za arubaini.