Sifa ya Mazoezi Mafupi

Wapenzi wengi wa gemu za kupigana huamini kwamba mwenye ajira ya kutwa hawezi kuwa mchezaji hodari. Jioni anatoka kazini amechoka, amebakiwa na saa moja au mbili kabla ya kulala, na mtandaoni anasubiriwa na vijana walioshinda na pedi mkononi tangu asubuhi. Imani hiyo imekosea kuhusu mahali ustadi unapokaa. Katika gemu hizi anayeshinda ni yule anayeona mapema na kuamua vizuri, na uwezo huo hukua kwa mazoezi mafupi yenye lengo kuliko kwa kucheza hadi usiku wa manane. Mfanyakazi, ambaye hana njia nyingine isipokuwa hiyo, hajanyimwa kitu kikubwa.

Tuitazame Street Fighter 6, iliyotoka mwaka 2023. Picha zake huenda fremu 60 kwa sekunde. Kuna pigo liitwalo Drive Impact: mpigaji hujirusha mbele akistahimili mapigo ya mwenzake, na pigo huchukua fremu 26 kabla halijafika, yaani chini kidogo ya nusu sekunde. Mtu anayejua anachokisubiri huitikia alichokiona kwa takriban robo sekunde. Kwa hesabu hiyo karibu kila mmoja wetu ana nafasi ya kulijibu, na bado linaangusha watu kila siku, kwa kuwa macho yao yalikuwa kwa mhusika wao wenyewe, au akili ilikwisha tangulia kwenye kombo inayofuata. Ndivyo ilivyo mpinzani anaporuka. Anakaa hewani muda wa kutosha kabisa kwa mhusika Ryu kumtungua kwa pigo lake la Shoryuken: mbele, chini, kisha pembeni kati ya hizo mbili pamoja na ngumi. Vidole vinaijua njia hiyo. Kichwa ndicho hakikuutarajia mruko, na mchezaji anabaki amejikinga tu. Mapambano mia ya kukurupuka hayamtibu mtu huyu. Aingie sehemu ya mazoezi, arekodi mhusika wa kompyuta akitembea, akirusha kombora la Hadoken, na mara mojamoja akiruka, kisha aruhusu gemu iyachanganye mambo hayo itakavyo, naye kwa robo saa atafute mruko tu, asijali kingine chochote. Kesho yake, katikati ya pambano la kweli, ataanza kuuona mruko kabla miguu ya mpinzani haijaacha ardhi vizuri.

Hata pambano linalotajwa kuliko yote katika gemu hizi linasema hivyohivyo. Mwaka 2004 kule California, katika mashindano ya Evo, Daigo Umehara alikuwa na mhusika Ken aliyebakiwa na uhai mdogo mno, kiasi kwamba hata kujikinga kungemmaliza. Mpinzani wake, Justin Wong, akaachia mateke mfululizo ya mhusika Chun-Li, na Umehara akayapangua yote 15, moja baada ya jingine, kisha akashinda raundi ile. Watu husifia wepesi wa vidole vyake. Lakini teke la kwanza la mfululizo ule haliwezi kusubiriwa lionekane; lazima kulipangua kuanzishwe kabla. Umehara alikwisha soma kwamba linakuja, akaamua. Kusoma huko ndiko kunakonifanya niite jambo hili ufundi.

Kuhusu saa zenyewe, upo ushahidi mzuri kutoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1978 Baddeley na Longman walichapisha utafiti wao juu ya wafanyakazi wa Posta ya Uingereza waliokuwa wakifundishwa kupiga taipu. Wengine walifanya mazoezi saa moja kwa siku, wengine zaidi, hadi saa nne. Wale wa saa moja walihitaji saa chache zaidi kwa jumla kufikia kiwango kilekile, ingawa siku zao zilikuwa nyingi. Cha ajabu, wao ndio waliokuwa na kinyongo zaidi na ratiba yao, maana waliona wanachelewa. Hapa ndipo wafanyakazi wengi wanapokata tamaa: wanahesabu siku zinavyopita, hawahesabu kile ambacho kila saa imewapa.

Atakayesema kwamba mwenye siku nzima bado atamshinda mwenye saa moja, anasema kweli kwa upande mmoja. Mataji makubwa huchukuliwa na watu walioifanya gemu kuwa kazi yao, na hakuna haja ya kumdanganya mtu. Umri nao una neno lake: utafiti wa mwaka 2014 juu ya wachezaji zaidi ya 3,000 wa StarCraft 2 ulionyesha kasi ikianza kupungua karibu na miaka 24. Utafiti huohuo uligundua kwamba wakubwa walifidia kwa mbinu nyepesi zaidi za kuendesha mchezo. Mtu wa miaka 35 anayejua aangalie wapi hajaachwa mbali kama anavyodhani.

Pingamizi jingine ni zito zaidi: kwamba hii ni michezo ya watoto, na mtu mzima aliyechoka alale. Mbona mabarazani Unguja hakuna anayemcheka fundi wa bao? Anaheshimiwa kwa sababu anahesabu kete nyingi mbele kabla hajanyoosha mkono, na kila mtu anajua heshima hiyo haikuja kwa siku moja. Anayejifunza kusoma nia ya mpinzani ndani ya fremu 26 anastahili heshima ya aina hiyohiyo. Kuhusu usingizi, nakubali bila mjadala: ubongo huendelea kuimarisha kile vidole vilichofundishwa wakati mtu amelala, na kukesha kunaharibu kazi ya jioni nzima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayetoka kazini saa kumi na moja, chagua kosa moja la usiku huu. Lifanyie mazoezi kwa robo saa, cheza mapambano machache, tazama marudio ya lile ulilofungwa hadi uone ni wapi macho yako yalikuwa, kisha zima mashine ulale.