Dunia Iliyopinduliwa na Sanadi Zake

Kitabu cha Christopher Hill, The World Turned Upside Down, yaani Dunia Iliyopinduliwa Juu Chini, kilichapishwa Uingereza mwaka 1972, na bado kimo mikononi mwa wanafunzi wa historia wanaotaka kujua fikra za wanyonge wa Kiingereza katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1642 hadi 1651. Kinachotufanya tukizungumzie katika kurasa hizi ni hoja inayojengwa juu yake. Wapo wasomi, na wamo Waislamu miongoni mwao, wanaokitaja kuwa ni ushahidi kwamba masikini wa Ulaya walianza kudai haki zao siku walipoiweka dini kando. Tumekisoma kitabu chenyewe, na tunaona kuwa dalili zilizomo ndani yake zinasema kinyume cha dai hilo, ingawa mwandishi mwenyewe anaelekea upande wa wanaolidai.

Tutangulize insafu. Hill alizaliwa York mwaka 1912, akawa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Uingereza mpaka alipojitoa mwaka 1957, akaongoza chuo cha Balliol, Oxford, kuanzia 1965 hadi 1978, na akafariki mwaka 2003. Kumkataa kwa sababu ya ukomunisti wake tu, kama wafanyavyo baadhi ya watu ambao hawajafungua hata ukurasa wa kwanza, si elimu. Mtu hupimwa kwa alichokileta, na alichokileta Hill ni kikubwa. Vita hivi kwa sehemu kubwa vilisimuliwa kwa ndimi za mfalme, wabunge na majemadari. Yeye akatusikilizisha washona viatu, wafumaji na askari wa kawaida. Anasema palikuwa na mapinduzi mawili. Moja lilifaulu, nalo likawathibitishia wenye mali umiliki wao na kulipa Bunge mamlaka ya juu. Jingine lilitishia tu kutokea: mapinduzi ya watu wa chini, ambayo yangeleta ardhi ya pamoja na kuvunja kanisa la dola.

Sauti hizo zilitufikiaje? Mfalme Charles wa Kwanza alitawala bila Bunge tangu 1629 hadi 1640. Bunge liliporejea, likafuta mwaka 1641 mahakama ya Star Chamber, iliyokuwa ikiwaadhibu waandishi na wachapaji, na udhibiti wa matbaa ukaporomoka. Muuza vitabu mmoja wa London, George Thomason, alikusanya vijitabu na magazeti zaidi ya 22,000 kati ya 1640 na 1661, na hazina hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza.

Mahali pa kuupima ubishi wetu ni Putney. Mwishoni mwa Oktoba 1647, jeshi la Bunge likiwa limekwisha kumshinda mfalme, wajumbe wa askari na makamanda wao walikutana katika kanisa la hapo, kando ya mto Thames. Mbele yao palikuwa na waraka ulioitwa Mapatano ya Watu, ulioungwa mkono na kundi ambalo mahasimu wake waliliita Levellers, maana yake Wasawazishaji, kwa kulizulia kuwa linataka kusawazisha mali za watu. Viongozi wake, akina John Lilburne, Richard Overton na William Walwyn, hawakulipenda jina hilo. Kanali Thomas Rainsborough alisimama akasema kuwa mtu hawajibiki kuitii serikali ambayo hakushirikishwa kuiweka, hata awe fukara wa mwisho, na kwamba yeye haoni katika sheria ya Mungu dalili ya kumnyima masikini kura. Henry Ireton, mkwe wa Oliver Cromwell, akamjibu kuwa kura ni ya mwenye milki ya kudumu katika nchi. Ukimpa mtu kura kwa haki ya maumbile tu, kwa haki hiyohiyo atadai shamba la jirani yake.

Tuutazame vizuri mjadala huu. Asubuhi ya Oktoba 29, kabla ya kubishana, watu hawa walikutana kwa maombi. Rainsborough alitafuta dalili katika sheria ya Mungu, na Ireton alipotaka kuilinda mali alikwenda pia kwenye amri ya kuwaheshimu baba na mama. Hapakuwa na upande mmoja wa dini na mwingine wa akili. Pande zote mbili zilikuwa na kitabu kimoja, na zilikhitalifiana katika kukifahamu. Anayesema kuwa Putney ni siku watu walipoiweka dini kando hajayasoma maandishi ya karani wa jeshi William Clarke, aliyenukuu maneno yao kwa hati mkato. Maandishi hayo yalilala Oxford mpaka C. H. Firth alipoyachapisha mwaka 1891.

Mwisho wa Wasawazishaji haukuwa wa hoja. Mfalme aliuawa Januari 30, 1649, na Mei mwaka huohuo vikosi viliasi, baadhi yao wakikataa kupelekwa kupigana Ireland kabla madai yao hayajasikilizwa. Cromwell aliwavamia usiku huko Burford, na Mei 17 askari watatu wakapigwa risasi katika uwanja wa kanisa.

Sura nzuri kupita zote ni za Gerrard Winstanley na Wachimbaji. Winstanley alikuwa mfanyabiashara wa nguo aliyefilisika London mwaka 1643, akahamia Surrey akawa mchunga ng'ombe. Aprili 1649, miezi ya njaa na bei kali, yeye na wenzake wachache walikwenda kilima cha St George wakaanza kulima ardhi ya malisho ya jamii, kwa hoja kuwa Mungu aliiumba ardhi iwe hazina ya viumbe wote na kwamba kuiuza na kuizungushia ua ndiyo asili ya dhulma. Hawakuingia kwenye shamba la mtu, hilo walilisisitiza. Hata hivyo mazao yao yaling'olewa, vibanda vyao vikabomolewa, na kufikia Aprili 1650 walikuwa wamekwisha kufukuzwa hata Cobham walikohamia.

Hapa Hill anafanya jambo ambalo hatukubaliani naye. Winstanley aliandika kuwa badala ya neno Mungu angependa kutumia neno Akili, na Hill analishika hilo kama ngazi ya kumtoa mtu huyu katika dini na kumpandisha kwenye falsafa isiyomhitaji Muumba. Lakini msomaji wa Winstanley hukutana kila mara na Adamu, Kaini na Abeli, Esau na Yakobo. Itikadi yake sisi hatuitetei, na kuna mengi ndani yake ambayo hayakubaliki kwetu. Tunachosema ni kuwa ukimvua mtu imani yake ili umpende, huyo unayempenda ni mwingine. Nyaraka zilizochunguzwa baada ya kitabu hiki kutoka zimeonyesha pia kuwa Winstanley huyohuyo, katika uzee wake, aliwahi kuwa mzee wa kanisa la Cobham na msimamizi wa masikini, kabla ya kufariki mwaka 1676. Habari hiyo haiingii kwa urahisi katika picha aliyoichora Hill.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwa kundi lililoitwa Ranters, Wapayukaji. Hawa walidaiwa kusema kuwa aliyefikia nuru ya ndani hana dhambi tena, kwa hiyo zinaa, ulevi na matusi ni halali kwake. Bunge lilitunga sheria dhidi ya kufuru Agosti 1650 kwa hofu yao, na Abiezer Coppe alifungwa kwa maandishi yake. Maandishi ya Coppe tunayo, na ni mazito kweli. Lakini habari za Wapayukaji kama umati ulioenea nchi nzima zimetoka kwa nani? Sehemu kubwa ni vijitabu vya senti vilivyoandikwa viuzwe, na vitabu vya wapinzani. Kwa makundi mengine pia Hill anachota kwa Thomas Edwards, Mpresbiteri ambaye kitabu chake Gangraena cha 1646 kilitungwa makusudi kuyafedhehesha madhehebu mapya. Mwanafunzi wa elimu ya hadithi atashangaa. Sanadi iko wapi? Jumhuri ya mafakihi hawaupokei ushahidi wa hasimu dhidi ya hasimu wake, na hapa hasimu amefanywa mpokezi mkuu. Mwaka 1986 mwanahistoria J. C. Davis alitoa kitabu kizima akidai kuwa kundi hilo halikuwepo kabisa. Ni hofu ya watu iliyopewa jina. Hill alimjibu. Sisi twaona Davis amezidisha, kwani Coppe na wachache wengine hawafutiki, lakini swali lake la chanzo cha habari lilipasa kuulizwa tangu 1972.

Jambo ambalo tungependa lipewe nafasi kubwa zaidi ni lile linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka uleule mfalme alipouawa, 1649, ndipo ilipochapishwa London tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kiingereza, iliyotolewa si katika Kiarabu bali katika Kifaransa cha André Du Ryer, na kuambatanishwa na maonyo ya Alexander Ross yaliyojaa matusi. Bunge lililokuwa limetoka kumhukumu mfalme lilihangaika mwezi Machi kuisaka matbaa hiyo. Wakati huohuo, tangu 1644, Roger Williams alikwisha kuandika kuwa dhamiri ya Myahudi na ya Mturuki, yaani Mwislamu kwa lugha ya zama zile, isilazimishwe kwa upanga. Na mwaka 1658 Mary Fisher, aliyewahi kuwa mtumishi wa ndani, mfuasi wa Wakweka ambao magharibi mwa Kenya wanajulikana kama Marafiki, alisafiri hadi Edirne akapokewa na Sultani Mehmed wa Nne na kusikilizwa kwa adabu. Huko Boston, Wakristo wenziwe walikuwa wamemfunga miaka miwili kabla.

Anayetaka kuingia katika maudhui haya tunamshauri aanze na mjadala wa Putney wenyewe, kisha asome sura za Hill kuhusu Wachimbaji, na karibu yake aweke maandishi ya Winstanley. Sura za Wapayukaji asizisome kabla ya kumsoma Davis.