Nani Ameshindwa Kujifunza Lugha ya Mwenzake? Tahakiki ya Filamu ya Mel Baggs

Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hukariri fasili ya lugha kabla hawajaijua vizuri njia ya kwenda maktabani: lugha ni mfumo wa sauti nasibu ambao jamii imekubaliana kuutumia kwa mawasiliano. Swali hilo huulizwa kila mwaka na majibu hufanana kila mwaka. Katika makala haya ninahakiki kazi moja fupi inayoitikisa fasili hiyo. Naamini sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda tuna sababu ya pekee ya kuitazama.

Kazi yenyewe ni filamu iitwayo In My Language, yaani "Katika Lugha Yangu", ambayo Mel Baggs aliitoa YouTube mwezi Januari 2007. Baggs, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa Mmarekani mwenye usonji. Katika filamu hii hazungumzi kwa kinywa, bali huandika kwenye kompyuta, nayo mashine huyageuza maandishi yake kuwa sauti.

Filamu ni ya dakika nane na ushei na ina sehemu mbili. Kwa dakika kama tatu hatusikii neno lolote. Baggs anayumbayumba mbele ya dirisha, anapunga mikono, anaimba kwa sauti isiyo na maneno, anagusagusa vitu, anasugua uso kwenye kitabu. Kisha maandishi yanatangaza kwamba sasa inafuata tafsiri. Hapo sauti ya mashine inaanza kutueleza kwamba yale tuliyoyaona ndiyo lugha yake ya asili.

Mtazamaji aliyesomea fasihi hutega sikio kungoja maana ya kila kitendo, kwa kuwa tumefundishwa kusaka ishara. Baggs anatunyima. Wakati vidole vyake vinacheza na maji ya bomba, sauti inasema kwamba maji hayo hayawakilishi kitu chochote: yeye anashirikiana na maji, na maji yanashirikiana naye. Kwake lugha si lazima iwe maneno au alama za kufasiriwa na binadamu wengine, bali ni mazungumzo ya kudumu kati yake na kila kitu kinachomzunguka. Hapa ndipo ufundi wa kazi hii ulipo. Ni tafsiri inayokataa kutafsiri, na kukataa huko ndiko hoja yenyewe.

Hoja ya pili ni kali zaidi. Baggs anaona kwamba asipojifunza lugha yetu huhesabiwa kuwa na upungufu, lakini sisi tusipojifunza yake hakuna anayetuhesabu hivyo. Anapoandika kwa lugha yetu ndipo tunasema anawasiliana, na ndipo tunamkubali kuwa mtu mwenye fikra. Mwishoni anakumbusha kwamba wapo watu wanaoteswa, na hata kufa, kwa sababu namna yao ya kufikiri haikutambuliwa kuwa fikra.

Baggs hakuwa wa kwanza kusema hivi. Mwaka 1993, Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwaandikia wazazi makala yenye jina Don't Mourn for Us, yaani "Msituombolezee". Aliwaeleza kwamba usonji si ganda lililomficha mtoto mwingine ndani yake, na kwamba kuzungumza na mtoto huyo kunadai juhudi ile ile ya kuzungumza na mtu ambaye lugha yake si yako. Sinclair alilitumia suala la lugha kama mfano. Baggs analifanya kuwa ndiyo mada yenyewe.

Kazi hii ina mpaka wake. Ili tumsikie, Baggs amelazimika kupita kwenye Kiingereza na kwenye mashine. Mtoto wa kijijini kwetu asiyesema wala kuandika hana chombo hicho, na hakuna atakayempa dakika tatu za kumtazama tu. Aidha, sehemu ya pili ina nguvu kiasi kwamba mtazamaji anaweza kuisahau ile ya kwanza na kubaki na hotuba. Nashauri filamu itazamwe mara mbili. Mara ya pili sehemu ya kwanza si ile tena.

Kwa nini nalileta jambo hili katika jarida la Kiswahili? Nilipokwenda ng'ambo ya mpaka kusomea shahada ya uzamili, nilichekwa darasani kwa upatanisho wangu wa ngeli na kwa lafudhi yangu. Hakuna aliyechekwa kwa kutojua lugha ya mama yangu. Wengi wetu tunayajua maumivu hayo. Lakini niliporudi kufundisha, niliyapitisha kwa mwingine.

Katika mtihani wa mazungumzo, fomu niliyokuwa nikitumia ilitenga alama 5 kati ya 20 kwa ajili ya kumtazama msikilizaji. Mwanafunzi mmoja alijibu kila swali kwa sarufi safi, huku macho yake yakiwa ukutani na vidole vikizungusha kalamu bila kukoma. Nilimpa sifuri kati ya tano. Nikaandika pembeni: "Hana mawasiliano." Muhula uliofuata hakurudi katika somo letu. Sijui kama alikuwa na usonji, wala kumpima si kazi yangu. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimewasiliana naye kwa dakika kumi na tano, kisha nikaandika kwamba hatukuwasiliana.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Uganda mwaka 2008, unatamka katika Ibara ya 2 kwamba lugha ni pamoja na lugha za kusemwa, lugha za ishara na aina nyingine za lugha zisizo za kusemwa. Fasili tunayowakaririsha wanafunzi ni finyu kuliko ile ambayo serikali yetu imeitia sahihi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, alama za macho ziondolewe katika fomu, zibaki za lugha. Pili, tuache kuandika "anaugua usonji", kwani wenye hali hiyo wanasema ni namna yao ya kuwa. Tatu, filamu hii ionyeshwe katika kozi ya utangulizi wa isimu, siku ile ile tunapofundisha fasili ya lugha. Wanafunzi waitazame kwanza, kisha ndipo waulizwe lugha ni nini. Wenzangu wenye maoni tofauti wayalete kwa ajili ya toleo lijalo.