Mkutubi na Uhai wa Jarida

Jarida la kitaaluma likitoka, sifa humwendea mwandishi, na zikibaki humwendea mhariri. Mimi nataka kumsifu mtu wa tatu: mkutubi, ambaye kazi yake huanza pale wenzake wanapopongezana.

Mfikirie mwalimu wa Matulo, karibu na Webuye, anayesomea uzamili wikendi. Anatafuta utafiti kuhusu wakulima wa miwa wa Nzoia. Anabofya kiungo, na makala inafunguka, ingawa imepita miaka tangu ichapishwe na tovuti ya chuo imejengwa upya. Hilo halitokei lenyewe. Makala ilipewa kitambulisho cha kudumu, yaani DOI, na anwani ilipohama, mtu alikaa akaisahihisha kwenye rejesta, makala moja baada ya nyingine.

Chuo Kikuu cha Kibabii, pale Bungoma, kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2015. Chuo kichanga namna hiyo kina hazina yake ya kidijitali ya kuhifadhi maandishi ya wanataaluma wake. Utafiti uliofanywa Bungoma au Kitale hauhitaji tena kwenda ng'ambo ndipo usomwe na watu wa Bungoma na Kitale.

Tutazame kazi moja tu ya mkutubi kwa karibu: jina la mwandishi. Huku kwetu akina Wafula, Wekesa, Simiyu na Nekesa ni wengi, maana watoto huitwa kwa majira waliyozaliwa. Mhadhiri anayeitwa Wafula Simiyu anaweza kuandikwa W. Simiyu katika makala moja na S. Wafula katika nyingine. Kompyuta itadhani ni watu wawili. Au itachukua watu wawili kweli na kuwafanya mmoja. Mkutubi hodari habahatishi. Humwandikia mhadhiri, humwuliza anataka ajulikane vipi, kisha huliambatanisha jina na nambari ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu 16 kutoka huduma iliyoanza mwaka 2012. Baada ya hapo hurudi kwenye makala za zamani na kuzirekebisha. Hakuna msomaji atakayeiona kazi hiyo, lakini kila atakayetafuta atampata Wafula aliye sahihi.

Ustadi huo huo hulinda umri wa jarida. Jarida liitwalo Kiswahili, la Dar es Salaam, lina mizizi inayofika mwaka 1930, lilipoanza kama taarifa ya kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, na limebadilisha jina njiani. Jina la jarida likibadilika kabisa, hupewa ISSN mpya, yaani nambari ya kulitambulisha. Asipokuwapo mtu wa kuunganisha la zamani na jipya kwenye orodha, miaka mingi ya fikra hukatika vipande, na mwanafunzi akaamini hakuna aliyewahi kuandika juu ya mada yake.

Vyuo vyetu vingi huendesha majarida kwa Open Journal Systems, programu ya bure iliyotokana na mradi alioanzisha John Willinsky nchini Kanada mwaka 1998. Ni ya bure kuipata, lakini ng'ombe wa kupewa naye hula majani. Lazima matoleo mapya yasakinishwe, wadukuzi wazuiwe, na nakala za akiba zitunzwe mahali pengine, ili seva ikiungua Bungoma makala ziwe salama kwingine.

Ndiyo maana huduma ya kuendesha jarida haidumu kwa fedha za mfadhili wa miaka mitatu peke yake. Mradi ukiisha na kijana aliyejua nywila akahama, jarida hukwama katika juzuu la pili. Hudumu inapokuwa na fungu katika bajeti ya maktaba, taratibu zilizoandikwa, na watu wasiopungua wawili wanaojua kila hatua. Maktaba ikibeba gharama hizo, mhadhiri hatozwi ada ya kuchapisha, wala haponzwi na majarida ya kitapeli yanayochukua pesa bila kupitia muswada.

Maktaba za Kenya zinajua kushirikiana: tangu 2003, kupitia muungano wa KLISC, zimekuwa zikichangia kununua majarida ya nje. Umoja uliotuwezesha kununua maarifa ya wengine unatosha kutuwezesha kuchapisha ya kwetu, kwa seva ya pamoja na fundi wa pamoja, Kibabii na Masinde Muliro wakiwa bega kwa bega. Na mkutubi anayeifanya kazi hii apandishwe cheo kwa ajili yake, sawa na mhadhiri anavyopandishwa kwa makala ambayo mkutubi huyo ameiweka hai.