Ushahidi wa Nyota: Maoni juu ya Gears of War: Judgment

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kupimiwa tenzi, hadithi na michezo ya jukwaani. Mchezo wa video nao una msimuliaji, una wahusika, una mwendo wa matukio. Basi wastahili kutiwa katika mizani ile ile. Twachagua Gears of War: Judgment, uliotolewa mwaka 2013, kwa kuwa kosa lake ni kosa la usimulizi, na laweza kumpata mtungaji yeyote.

Ama asili yake ni Gears of War, uliotolewa mwaka 2006 kwa mtambo wa Xbox 360. Kupigana kwa kujibanza nyuma ya kinga hakukuanzia hapo; Kill Switch wa kampuni ya Namco ulikwisha kufanya hivyo mwaka 2003. Lakini Gears of War uliigeuza kinga kuwa lugha. Askari hujibanza nyuma ya ukuta uliobomoka, husikiliza, huchungulia, hupiga, hurudi. Hata kujaza risasi kuna wakati wake: abonyezaye kitufe kwa wakati barabara hupata risasi zenye nguvu zaidi, na akoseaye bunduki humkwama. Kwa njia hiyo mchezaji alifundishwa hofu na subira, na kwa hofu hiyo akasadiki kwamba sayari ya Sera imeangamizwa na majeshi ya Locust, na kwamba Dominic Santiago anamtafuta mkewe kwa uchungu wa kweli.

Mwendelezo wa mwaka 2008 na ule wa mwaka 2011 ulikifikisha kisa hicho mwisho. Judgment ukarudi nyuma, hadi siku za mwanzo za vita. Mtu aweza kusema kwamba mgema amesifiwa, akalitia tembo maji. Methali hiyo haitoshi hapa, kwani mgema mwenyewe alikwisha kushuka mnazini: Cliff Bleszinski, aliyeongoza ubunifu wa mchezo wa kwanza, aliondoka Epic Games mwaka 2012, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa mikononi mwa People Can Fly wa Poland. Hao si wanagenzi. Mwaka 2011 walikuwa wametoa Bulletstorm, mchezo unaompa mchezaji alama kwa ufundi wake wa kuua.

Wako wasemao kwamba kisa kinachorudi nyuma hakina hamu, maana twajua kuwa Baird na Cole hawatakufa. Hoja hii ni dhaifu. Msikilizaji wa utendi ajua tangu mwanzo ni nani atakayeshinda, na bado hukesha akisikiliza. Kasoro yatoka kwingine.

Kisa chenyewe kimewekwa mahakamani. Luteni Damon Baird na wenzake watatu, Augustus Cole, Sofia Hendrik na Garron Paduk, wasimama mbele ya Kanali Ezra Loomis, kwa shtaka la kurusha kombora pasipo idhini. Kila mmoja atoa ushahidi wake, na mchezaji huupigana ushahidi huo. Waandishi wake ni Rob Auten na Tom Bissell. Huyu wa pili ndiye aliyeandika Extra Lives, kitabu cha mwaka 2010 kinachotafakari michezo hii. Mashahidi wanne ni hazina kwa mtungaji: mmoja aweza kusahau, mwingine akaficha, wa tatu akamsingizia mwenziwe. Hazina hiyo haikuguswa. Wanne hawa wapokezana maneno kama wakimbiaji wapokezanavyo kijiti, wala hakuna ampingaye mwenziwe.

Baya zaidi ni hili. Mwanzoni mwa kila pambano pana alama ukutani. Mchezaji akiigusa, shahidi huongeza jambo lililofichwa: palikuwa na vumbi lililowaziba macho, au silaha zilikuwa chache, au muda ulikuwa mfupi. Pambano huwa gumu zaidi, na nyota huja upesi zaidi. Asiyeigusa huendelea na njia yake bila ya jambo hilo. Je, vumbi lilikuwako au halikuwako? Mahakama haiulizi, na hukumu haibadiliki. Hapo ukweli umekuwa kiungo cha hiari, hutiwa au hauachwi kwa kadiri ya tamaa ya nyota. Na kila pambano likiisha, hesabu huandikwa mbele ya macho, na hofu iliyoanza kukusanyika hutawanyika. Mchezaji aliyefundishwa kujibanza sasa avutwa nje ya kinga yake akatafute sifa.

Ushahidi wa haya umo ndani ya mchezo wenyewe. Sehemu yake ya ziada, iitwayo Aftermath, yasimulia wakati wa Gears of War 3. Humo hamna mahakama wala siri za kufunuliwa kwa hiari. Baird na Cole warudi Halvo Bay, wamkuta Paduk akiwa na kinyongo cha miaka mingi, na kinga zarudia kazi yake ya zamani. Ni fupi, lakini yatosha kuonyesha kwamba mikono iliyofanya kazi hii haikukosa ustadi. Kilichokosekana ni imani kwamba hofu ya askari aliyejibanza yatosha kumshika mchezaji, pasipo kumlipa nyota kila baada ya hatua chache. Mwanafunzi wa fasihi atakayeutazama mchezo huu na aulize swali hilo hilo atakaposoma riwaya yoyote yenye mashahidi wengi: ushahidi huu ukiondolewa, je, hukumu yabadilika?