Mahali Palipoachwa Wazi

Katika darasa la Kipaimara hapa Songea tuliwaonyesha vijana nakala ya picha ya kale: ramani ya nyota za kusini, iliyochorwa na Albrecht Dürer wa Nürnberg, Ujerumani, na kuchapwa kwa ubao mwaka 1515, miaka 2 kabla ya Luther kutoa hoja zake 95. Kijana mmoja aliitazama, akauliza: “Mchungaji, mbona huku kwetu hamna kitu?”

Aliona vema. Kuzunguka ncha ya kusini karatasi ni tupu. Wataalamu walioshirikiana na Dürer walifuata elimu ya Ptolemaio wa Aleksandria, na kutoka Aleksandria nyota za karibu na ncha hiyo hazionekani. Msalaba wa Kusini, tunaouona jioni za Juni wakati wa mavuno, upande wa mto Ruvuma, hauna picha yake humo. Lakini nembo ya Kardinali Matthäus Lang, ambaye kazi ilitolewa kwa heshima yake, imepata nafasi.

Tena, usiku wenyewe haumo. Ubao usiochongwa, ukipakwa wino, hutoa weusi mtupu. Kila penye tundu la patasi hubaki peupe, kama nyota. Dürer hakutaka hivyo. Alitaka ramani, basi anga yake ni nyeupe na sanamu zake ni mistari myeusi. Inaelimisha, ila haimfariji mtu aliyekesha na mgonjwa akingoja kupambazuke.

Lipo kosa zito zaidi. Nyota zimepangwa kana kwamba mtazamaji yuko nje ya mbingu, akiiangalia kutoka upande wa pili. Kiti hicho si chetu. Hata hivyo, chapa hugeuza kulia kuwa kushoto. Kwa hiyo ubao aliouinamia mchongaji ulikuwa na nyota kwa mpangilio tunaouona sisi tulio chini. Karatasi ilipanda juu. Aliyeshika patasi alibaki duniani pamoja nasi.

Pamoja na hayo tunaisifu kazi hii, na tunaisifu hasa kwa ule utupu. Ingekuwa rahisi kubuni nyota za kujaza pengo. Wao waliishia pale elimu yao ilipoishia. Sisi wahubiri hatuna uvumilivu huo. Mama anapotuuliza msibani kwa nini mtoto wake amechukuliwa, mara nyingi tunajaza pengo kwa maneno tusiyoyajua, naye anarudi nyumbani na mzigo wa pili.

Ayubu 9:9 humtaja Mungu kuwa muumba wa Kilimia na wa nyota za kusini pia. Ziliumbwa kabla ya mchoraji yeyote kuzijua. Tulimjibu kijana: “Huku kwetu kumejaa, mwanangu. Aliyechora hakuwa amefika.” Jioni tukatoka nje ya kanisa, tukainua macho, naye akatuonyesha Msalaba kabla hatujauona.